Kilio cha Watu wa Redio

Mtaani Muhumba, kama kwingine katika komini ya Ibanda mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kilio kinajulikana kwa viti. Turubai inafungwa uani, viti vya plastiki vinapangwa, na jioni kila kundi linakaa upande wake: la familia, la kanisa, la kazini. Marehemu akiwa mwandishi wa habari, kundi la kazini ndilo lenye hadithi nyingi, na msimuliaji mkuu kwa kawaida ni mhariri aliyekuwa akimkata maneno kila siku.

Bukavu imewazika watu wa kazi hii kwa uchungu. Tarehe 13 Juni 2007 aliuawa kwa risasi Serge Maheshe wa Radio Okapi, yeye mwenyewe mhariri, akiwa na miaka 31. Tarehe 21 Novemba 2008 akauawa Didace Namujimbo wa redio hiyohiyo, karibu na nyumbani kwake. Kwa vifo vya namna hiyo matangazo hutaja cheo, tarehe na ujasiri. Ni haki yao. Mengine huachiwa kilio.

Nilimsikia mhariri mmoja akisimulia, sahani ya bugali na samaki wadogo wa sambaza magotini. Marehemu, alisema, alirudi kutoka vijijini na habari zilizojaa majina ya wazee, wake zao, hata mwenye mtumbwi. Mhariri huyafuta yote. Jioni simu inalia: “Mukubwa, wale watu walinipa chakula.” Hakugombana, alitaka tu wasikike. Mwishowe mhariri akawa anaacha jina moja. “La aliyepika?” akauliza mama mmoja wa familia, na turubai nzima ikacheka.

Kuna jina lingine linalofutwa, la mwandishi mwenyewe. Mwandishi akiwa Fizi au Kalehe, huko vijijini, mhariri mwenye busara humwuliza kwanza atalala wapi, ndipo aulize habari. Akinusa hatari, habari inasomwa bila kumtaja. Wengine hununa, nami siwalaumu: redio nyingi hulipa kidogo au hazilipi, watu wanaishi kwa bahasha ya nauli kutoka kwa wenye shughuli, na jina hewani ni sehemu ya pato.

Kwa hiyo usiku ule mhariri alikuwa na kazi ambayo ndugu hawakuiweza. Alimgeukia mjane akaanza kumhesabia: ile habari ya daraja ilikuwa yake, ile ya walimu pia, na ile ya wachimba dhahabu mliyoisikia mkadhani imetoka Kinshasa.