Huzuni na Maradhi ya Moyo

Lugha yetu ina neno moja, moyo, kwa kiungo kisukumacho damu mwilini na kwa makao ya furaha na majonzi. Wahenga waliona mbali. Waganga wa siku hizi wametambua ya kuwa mgonjwa wa moyo akishikwa na huzuni isiyokwisha, ile iitwayo sonona, hali yake huharibika upesi zaidi.

Mwaka 1993 wataalamu wa Montreal, nchini Kanada, walitoa habari za wagonjwa 222 waliopatwa na shambulio la moyo. Katika miezi 6 ya kwanza, wenye sonona walikufa kwa wingi kuliko wenzao.

Sababu zake zaeleweka. Mwenye sonona hukosa usingizi, huacha kumeza dawa, wala hana nguvu ya kwenda zahanati. Presha yapanda naye hajui. Mwishowe huchukuliwa hospitali akiwa hoi, na fedha ambazo zingemnunulia dawa za miezi mingi humalizika kwa siku chache kitandani.

Sasa tutazame Minembwe, juu ya milima ya Fizi. Tangu mwaka 2017 vita vimeteketeza vijiji vingi, na ng'ombe wengi wameporwa. Huko ng'ombe ndiye akiba ya nyumba: kwake hutoka mahari, karo na dawa. Aliyepoteza kundi lake amepoteza njia ya kulipa, na papo hapo amepata sababu ya kuhuzunika. Njia ya kuteremkia Baraka ni ngumu, na Bukavu ni mbali zaidi. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Lakini tiba ya sonona yaweza kupatikana karibu. Mwaka 2003 zilitangazwa habari za vijiji 30 vya Masaka na Rakai, nchini Uganda. Wenyeji waliofunzwa kazi hiyo waliongoza vikundi vya wagonjwa, wakakutana kila juma kwa majuma 16 na kuzungumza juu ya misiba na magomvi yaliyowalemea. Wengi wao wakapata nafuu kubwa.

Basi, wazazi na vijana, aliye na maradhi ya moyo nyumbani mwetu tumwulize pia: Walala vema? Wala chakula? Tumkumbushe dawa zake, tumweleze mganga habari za huzuni yake, wala tusimwite mvivu. Kitanda cha hospitali hulipiwa. Sikio la jirani halina bei.