"Elfu ishirini na nane" ni ngapi?

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 128,796 katika Manispaa ya Bukoba na 540,310 katika Wilaya ya Muleba. Kwa tarakimu, namba hizi hazina utata. Utata huzuka zinapoandikwa kwa maneno.

Tuanze na istilahi. Zote mbili ni namba nzima na ni shufwa, yaani hugawanyika kwa mbili bila baki. Isiyogawanyika hivyo ni witiri. Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko moja na isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Namba ya Muleba ni zao la namba tasa nne: 2 × 5 × 71 × 761. Ya Bukoba ni 2 × 2 × 3 × 10,733. Wanafunzi huchanganya kigawo na kigawe: 71 ni kigawo cha 540,310, ilhali 540,310 ni kigawe cha 71.

Kwa maneno, namba ya Bukoba husomwa: *laki moja, elfu ishirini na nane, mia saba tisini na sita*. Fungu la "elfu ishirini na nane" likisimama peke yake huwa na maana mbili, 28,000 au 20,008. Hapa "mia saba" inayofuata huondoa shaka, kwa kuwa thamani za nafasi hushuka daima: baada ya mamoja hayaji mamia. Tukiikata namba hiyo ibaki 128,000, kinga hiyo hutoweka. "Laki moja na elfu ishirini na nane" yaweza kueleweka kuwa 120,008.

Upatanisho wa kisarufi husaidia kwa kiasi. Katika *watu elfu ishirini na nane*, neno "nane" linahesabu maelfu, basi ni 28,000. Katika *watu elfu ishirini na wanane*, linahesabu watu, basi ni 20,008. Msaada huu una mipaka miwili. Sita, saba na tisa hazichukui kiambishi: *watu elfu ishirini na sita* hubaki na utata. Pia nomino za ngeli ya I-/ZI-, kama *shilingi*, hazibadilishi umbo la "nane".

Hapo ndipo hasara huingia. Mkulima wa kahawa wa Muleba akiandikiwa stakabadhi ya "shilingi elfu ishirini na nane", tofauti kati ya fasiri mbili ni shilingi 7,992.

Ushauri. Kwa maelfu kamili, tanguliza idadi, kisha elfu: *shilingi ishirini na nane elfu*; *laki moja na ishirini na nane elfu*. Kwa 20,008 andika *elfu ishirini, na shilingi nane*. Katika hati za fedha na tafsiri rasmi, andika maneno pamoja na tarakimu. Mfasiri akikuta maneno matupu yenye utata, amwulize mwandishi kabla ya kuchagua.