Mkono wa Kushoto Umekataa? Usikate Tamaa



Mwezi huu ukurasa wa familia unazungumzia mikono miwili. Si mikono ya kulima wala ya kufua nguo, ni mikono ya kupiga kinubi. Vijana wanaojifunza adungu, karibu wote wanafika mahali pamoja na kukwama. Mkono wa kulia ukipiga peke yake, sawa. Wa kushoto ukipiga peke yake, sawa. Lakini ikiwekwa pamoja, mmoja unamfuata mwenzake kama kondoo. Hapo ndipo mtoto anaweka chombo chini, na mzazi naye anasema, "Mwacheni, huyu hana kipaji."

Sisi tunasema, ngojeni kwanza. Hilo si jambo la kipaji. Ni jambo la namna ya kujifunza, na wapigaji wa nchi hii walishalijua tangu zamani.

KWA NINI NI JAMBO LA FAMILIA

Wengi wetu tulivuka mpaka na vitu vichache sana. Chombo cha muziki ni kikubwa, tena kinavunjika, basi kiliachwa nyumbani. Wimbo ulikuja, kwa sababu unakaa kichwani mwa bibi na babu. Lakini wimbo wa kinubi si maneno tu. Nusu yake iko vidoleni. Mzee akituaga kabla mtoto hajajifunza ile nusu ya vidole, kinachobaki ni maneno yasiyo na mwendo wake. Maneno unaweza kuyaandika kwenye daftari. Vidole haviandikiki, vinarithiwa kwa kukaa pamoja.

ADUNGU NA NDUGU ZAKE

Adungu ni kinubi cha Waalur wa Nebbi, kule West Nile, ambao ndugu zao wako ng'ambo ya mpaka, upande wa Mahagi, Kongo. Tumbo lake ni gogo lililochongwa na kufunikwa ngozi. Shingo yake ni mti uliopinda, wenye vigingi vya kukazia nyuzi. Leo wengi wanafunga nyuzi za nailoni, zile zile za wavuvi. Kuna adungu ndogo za sauti nyembamba, na kuna kubwa zinazosimama chini na kunguruma besi. Siku hizi adungu inapigwa sehemu nyingi za Uganda, mashuleni na makanisani. Zamani vinubi vingi vya huku vilikuwa kazi ya wanaume, lakini sasa wasichana nao wanapiga, na wanapiga vizuri.

Adungu si peke yake. Toka hapa Wanyange, fuata barabara ya Iganga na Tirinyi hadi Mbale, utapita katikati ya watu wa nyuzi. Basoga wana entongooli, na Bamasaaba wa Mbale wana litungu. Ukivuka kwenda Kenya, Waluo wana nyatiti yenye nyuzi 8. Upande wa magharibi, Baganda wana ennanga, nayo ina nyuzi 8.

Hata mbali sana tatizo ni lile lile. Mwaka 1969 Mmarekani mmoja, Emmett Chapman, aligundua namna yake ya kupiga nyuzi bila kuzichuna. Vidole vya mikono yote miwili vinagonga nyuzi juu ya shingo ya chombo, na kila mkono unatoa sauti yake. Mwaka 1974 akaanza kuuza chombo alichokibuni kwa ajili hiyo, kinachoitwa Chapman Stick. Kile cha kawaida kina nyuzi 10, nusu za besi na nusu za sauti ya juu. Chapman alifariki mwaka 2021, lakini wanaojifunza chombo chake bado wanashindana na jambo lile lile linalomsumbua mtoto wako: mkono mmoja kutomsikiliza mwenzake.

KWA NINI MIKONO INAFUATANA

Jaribuni sasa hivi hapo mlipokaa. Mkono wa kulia uchore duara hewani, na wa kushoto uchore mraba, kwa wakati mmoja. Umeona? Duara limeota pembe, na mraba umekuwa kama yai.

Sababu iko kichwani. Mkono wa kulia unaongozwa zaidi na upande wa kushoto wa ubongo, na mkono wa kushoto unaongozwa zaidi na upande wa kulia. Pande hizo mbili zimeunganishwa na fungu nene la nyuzi za neva, na habari zinapita kila wakati. Kwa hiyo mikono imezoea kufanya kazi pamoja, kama tunavyobeba ndoo au kukamua nguo. Mtoto anayekwama hana kasoro. Mwili wake unafanya kile ulichozoea.

Kumbe basi, kumwambia mtoto "tenganisha mikono!" hakumsaidii. Mkono haujifunzi kwa kumsahau mwenzake. Unajifunza kwa kujua nafasi yake karibu na nafasi ya mwenzake.

SIRI YA MARIMBA

Hapa ndipo wazee wa nchi hii wanatufundisha. Huko Buganda kuna marimba inayoitwa amadinda, yenye vipande 12 vya mti. Wapigaji wanakaa pande mbili, wanatazamana. Wa kwanza, omunazi, anaanza na kupiga sauti zake kwa mwendo ulio sawa. Wa pili, omwawuzi, anaingiza za kwake katikati, kwenye nafasi zilizoachwa. Hakuna anayekwenda mbio, lakini zikiungana unasikia mto wa sauti unaotiririka kwa kasi. Wa tatu, omukoonezi, anashika vipande viwili tu vya mwisho. Hapa Busoga nako kuna embaire, marimba kubwa inayopigwa na watu kadhaa kwa kupeana nafasi.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Katika ennanga, kazi ya wale wapigaji wawili wa kwanza inafanywa na mtu mmoja. Mkono mmoja ni omunazi, mwingine ni omwawuzi. Yaani mikono miwili ni kama watu wawili waliokaa kutazamana.

Maarifa haya yaliponea chupuchupu. Mwezi wa Mei 1966 jeshi la serikali lilishambulia jumba la Kabaka kule Mengo. Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969, mkimbizi kama sisi. Wapigaji wa jumba wakatawanyika. Ufalme ulirudishwa mwaka 1993. Miaka yote ile katikati, muziki ule ulihifadhiwa na watu waliokuwa nao mikononi na waliokubali kufundisha. Mmoja wao ni Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kabaka. Huyu alimfundisha Gerhard Kubik kutoka Austria, ambaye mwaka 1960 aliandika jinsi muziki wa amadinda unavyofumwa.

HATUA TANO ZA KUFANYA NYUMBANI

Kutoka kwa marimba tunapata njia rahisi: gawanyeni kazi kwa watu wawili kwanza, halafu ndipo muigawe kwa mikono miwili.

1. Anzeni bila chombo. Piga magoti yako kwa viganja huku ukisema "ba-ba, ma-ma, ka-ka, da-da." Silabi ya kwanza ni mkono wa kushoto, ya pili ni wa kulia. Ikikaa sawa, geuza, wa kulia uanze. Ikiharibika, usiongeze nguvu, punguza mwendo.

2. Kaeni wawili. Mzazi ashike nyuzi nene, mtoto ashike nyembamba. Mzazi apige sauti mbili au tatu tu, akizirudia bila haraka. Mtoto aingize zake katikati. Halafu mbadilishane. Kama hakuna adungu, mabati mawili ya mafuta yanatosha, moja la sauti nene na moja la sauti nyembamba. Lengo ni mtoto asikie kazi zote mbili kabla hajazibeba peke yake.

3. Mzazi ajiondoe pole pole. Mtoto aendelee na sehemu yake, na kwa mkono wa pili apige sauti moja tu ya mzazi, ile ya mwanzo wa mzunguko. Nyingine bado ni za mzazi. Ikikaa vizuri, achukue ya pili. Hivyo hivyo mpaka mzazi abaki anasikiliza tu.

4. Tatu juu ya mbili. Muziki mwingi wa kwetu una mwendo huu. Hesabuni hadi sita bila kusimama. Mkono wa kulia unapiga kwenye moja, tatu na tano. Wa kushoto unapiga kwenye moja na nne. Ukisikiliza utasikia: yote, kulia, kushoto, kulia. Usihesabu mikono mbali mbali. Shika ule mlio mmoja unaotokana na yote miwili, kama unavyoshika maneno ya methali.

5. Fungua mdomo. Wapigaji wetu wa vinubi huimba huku wanapiga. Mikono ikiwa imetulia, mwulizeni mtoto, "Umekula nini leo?" Akijibu bila vidole kusimama, yuko tayari kuimba. Akisimama, mcheke pamoja, mwanze tena.

Dakika 10 au 15 kila siku zinashinda saa nzima ya Jumamosi, kwa sababu mwili unaendelea kupanga yale uliyojifunza hata mkiwa mmelala. Mara nyingi jambo lililokataa jioni linakubali asubuhi. Vidole vikiuma, pumzika. Nailoni inakata ngozi changa.

NENO KWA WAZAZI

Tunajua maisha yetu. Kuna foleni, kuna kuni, kuna ada. Mzazi anayerudi jioni amechoka anaweza kuona kelele za mtoto ni usumbufu. Lakini angalieni zile hatua tano: ya pili na ya tatu hazifanyiki bila mtu mzima. Mtoto hawezi kuigawa kazi na mwenzake kama hakuna mwenzake.

Msiwalinganishe watoto. Mmoja atashika kwa wiki moja, mwingine kwa miezi mitatu, na wote watafika. Anayetumia mkono wa kushoto aachwe achague mwenyewe mkono wa besi. Msichana akitaka kinubi, apewe.

Na ninyi wazee mnaojua kupiga, tunawaomba kitu kimoja. Msingoje chombo kizuri kipatikane. Mwiteni mjukuu, mwekeni mikono juu ya meza, mwonyesheni vidole vinavyotangulia na vinavyofuata. Mwanzoni atacheka. Baadaye atauliza. Siku familia itakapohama tena, iwe ni kurudi nyumbani au kupelekwa nchi ya mbali, gogo na ngozi vinaweza kubaki hapa. Kule waendako kutapatikana mti mwingine na uzi mwingine wa wavuvi. Vidole vinavyojua kazi ndivyo havipatikani dukani.

Haraka haraka haina baraka. Tukutane mwezi ujao.