Kwaresima Pwani ya Ziwa

Mwaka 2025 funga mbili zilikaribiana kama nyumba zilizojengwa kwa ukuta mmoja. Mwezi wa Ramadhani uliandama Machi ilipokuwa ndiyo kwanza inaingia, na Jumatano ya tarehe 5 mwezi huo huo Wakristo wakapakwa majivu na kuianza Kwaresima. Si jambo la kila mwaka hilo. Mwaka wetu wa mwezi hupungua kwa mwaka wa jua siku kama kumi na moja, hivyo Ramadhani huzunguka majira yote, kaskazi na kusi, na huchukua miaka thelathini na mbili hivi kurejea ilipokuwa. Mara ya nyuma kukutana namna hii ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Basi nilipopata safari ya Busia, mpakani na Uganda, nilinuia nisirudi Mombasa bila ya kushuka Port Victoria, nikaone wenzetu hiyo yao wanaifungaje.

Huenda jina la Port Victoria likawa geni kwa msomaji wa Pwani. Ni bandari ndogo ya Bunyala, nchi ya Wanyala, kabila mojawapo la Waluhya, karibu na pale Mto Nzoia unapoingia Ziwa Viktoria. Lau mipango ya mwanzo ya Waingereza ingesimama, sisi watu wa Mombasa tungeijua kama tunavyoijua Kisumu. Wapimaji wa reli wa mwaka 1892 walikusudia njia ya gari la moshi itokayo kwetu iishie kwenye ghuba hii. Baadaye wakaigeuza, reli ikafika ziwani huko Kisumu mwaka 1901. Kisumu ikawa mji, na Port Victoria ikabaki na mashua zake.

Ukatoliki wa huku nao haukupitia kwetu. Mapadri wa Mill Hill waliingia Uganda mwaka 1895, wakatokea huko wakafika Kisumu 1903, na mwaka uliofuata wakafika Mumias. Na Mumias ndiko misafara ya Waswahili ilikokuwa imekwisha kutua zamani, ikiwa na bidhaa zake na dini yake. Hivyo dini mbili zilikutana katika nchi moja, moja ikitoka mawioni na nyingine machweoni.

Neno Kwaresima asili yake ni Kilatini, na maana yake ni ya arubaini. Ukihesabu kutoka Jumatano ya Majivu hadi kuamkia Pasaka utapata siku arubaini na sita. Ukitoa Jumapili sita, ambazo kwao si siku za kufunga, zinabaki arubaini kamili. Yale majivu hupatikana kwa kuchoma matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Padri humpaka mtu kwenye paji la uso na kumkumbusha kwamba asili yake ni udongo na marejeo yake ni udongo. Aliyewahi kusimama kando ya kaburi akatupia mchanga mateko matatu hahitaji kufasiriwa hayo.

Zamani, katika karne za mwanzo za dini yao, siku hizi zilikuwa za kuwatayarisha wale ambao wangebatizwa usiku wa Pasaka. Wale waliokwisha batizwa wakawa wanafuatana nao. Hata leo, usiku huo, waumini wote husimama na mishumaa mikononi na kuzirudia ahadi za ubatizo wao, mtu mzima na kijana. Sisi tungesema wanajadidi imani. Safari yote ya siku arubaini inaelekea kwenye usiku huo mmoja.

Sasa tuje kwenye chakula, maana najua msomaji wangu ndiko anakongojea. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki, siku za kufunga hasa ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Siku hizo mtu mwenye umri wa baina ya miaka 18 na 59 hula mlo mmoja kamili, na anaruhusiwa viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifikii mlo. Ijumaa zote za Kwaresima huacha nyama. Aliyezoea kufunga kutoka alfajiri hadi magharibi ataona ni jambo jepesi. Lakini nendeni Port Victoria mkaone sheria hiyo ilivyo na kitendawili chake, kwani samaki si nyama katika hesabu hiyo, na watu wa pale chakula chao ni samaki. Ngege, mbuta, omena, ndivyo vya kila siku. Nyama ni ya arusi na matanga. Utamwambiaje mtu aache asichokuwa nacho?

Nilimuuliza hivyo mzee mmoja mwenye mashua, Mkatoliki wa parokia ya hapo, ambayo iko chini ya Jimbo la Bungoma lililoundwa mwaka 1987. Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 14 Machi. Mimi nilikuwa nimekwisha kusali Ijumaa Busia mjini, na nimefunga. Yeye alikuwa ametoka kwenye Njia ya Msalaba, ibada ya vituo kumi na vinne vya kukumbuka mateso ya Bwana wao. Itikadi yetu juu ya jambo hilo inajulikana, na wala sikwenda kwa mjadala. Nilisimama nje nikasikiliza, na lugha haikunitatiza: sala, toba, dhambi, rehema, maneno yale yale ya chuoni kwetu.

Mashua za omena zilikuwa zimepandishwa mchangani. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na usiku wa mbalamwezi taa haifui dafu; jioni hiyo mwezi ulikuwa unapevuka. Mzee alicheka. "Ustadhi, ninyi mwaungoja mwezi mfunge. Sisi ukijaa tunapumzika." Na Pasaka nayo huhesabiwa kwa mwezi, Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Ndiyo kusema Wiki Takatifu huwakuta wavuvi wa omena wako nchi kavu, wana wasaa wa kuingia kanisani.

Swali langu alilijibu kwa kisa. Miaka miwili nyuma, baada ya dhoruba, alikuta nyavu za ngege zimenasa katika gugumaji, lile jani linaloelea kama kisiwa na kuburura kila kitu. Aliyatazama maboya na mafundo akajua ni za nani, jirani yake wa bandari hiyo hiyo. Akazichukua, akazivulia. Hakuna aliyemwona. Kwaresima moja ikapita, akala samaki wake Ijumaa kama sheria inavyoruhusu, akafuata vituo vyote kumi na vinne. "Nikawa nimeshika kila kitu," alisema, "na nyavu za watu ziko nyumbani."

Kanisa lao, tangu mtaguso wa mwaka 1215, linamtaka muumini aungame dhambi zake kubwa angalau mara moja kwa mwaka. Alichoambiwa na padri sikukiuliza. Alichofanya alinieleza: aliuza mbuzi wawili akanunua nyavu mpya, maana zile za mwanzo zilikuwa zimekwisha kuchakaa, akazibeba begani mchana kweupe, watu wanaona, akazitua mlangoni kwa mwenyewe na kusema zilivyokuwa.

Tulipokuwa chuoni, maalim alitufundisha kwamba toba ina sharti tatu: kuiacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutoirudia, na ikiwa ni haki ya mja, kuna la nne, kumrudishia mwenyewe. Wao husema majuto, maungamo na malipizi. Tofauti ipo, tena kubwa. Sisi dhambi zetu twazitaja kwa Mola peke yake bila ya mtu wa kati. Lakini katika lile la mwisho, njia ya Mwislamu na ya Mkatoliki yaishia mlango mmoja, wa mwenye haki yake, na dawa ya deni ni kulipa. Mjini kwetu nawajua wenye futari zisizokosa kaimati wala tambi, na daftari la mwenye duka halijafungwa tangu Rajabu.

Magharibi ilipoingia mkewe alituletea ugali na ngege wa mchuzi. Nikafungua kwa maji, tukala sahani moja. Samaki hakuuliza nani kamchinja, wala Ijumaa haikumkataza mwenyeji wangu.

Nilitaka kujua yule jirani alisema nini. Hakusema kitu. Alizipokea nyavu, akazihesabu, akaingia ndani. Siku tisa zilikuwa zimepita na salamu ya "mulembe" alikuwa haitikii bado. Mzee alinawa mikono, akahesabu kwa vidole, akasema kuna wiki tano hadi Pasaka.