Caution: tahadhari, zuio au dhamana?

Mnunuzi wa shamba nchini Kenya, akiwa na wakili anayejua kazi yake, hatoi hela kabla rekodi za shamba hilo hazijakaguliwa kwa msajili wa ardhi. Jina la mwenye shamba linaweza kuwa lenyewe, ekari zikatimia, rehani ya benki isiwepo, lakini kwenye rejista likajitokeza neno moja la Kiingereza: caution. Kamusi itamwambia kuwa hiyo ni tahadhari, naye akadhani anashauriwa awe macho tu. Kumbe shamba limefungwa.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inamruhusu mtu anayedai haki katika ardhi kumwomba msajili aandike caution. Mfano wa kawaida ni wa mtu aliyekwisha kulipa sehemu ya bei, kisha muuzaji akaanza kumzungusha kwa sababu amepata mteja mwenye fungu nono zaidi. Ikishaandikwa, msajili humjulisha mwenye ardhi. Tangu hapo hati yoyote inayokwenda kinyume nayo haisajiliwi mpaka moja kati ya mambo matatu litokee: aliyeiweka aiondoe kwa hiari yake, mahakama iamuru iondolewe, au msajili ampe taarifa ya kuiondoa naye akae kimya bila kupinga.

Haimpi shamba aliyeiweka. Inachompa ni nafasi ya kudai haki yake kabla ardhi haijaingia mikononi mwa mtu wa tatu. Ndiyo maana hutumiwa na mke aliyesikia kwamba nyumba wanayoishi inatafutiwa mnunuzi, au na ndugu wasioelewana juu ya urithi wa baba yao. Wapo pia wanaoiweka kwa chuki, ili kumkomoa mwenzao tu. Hao sheria haikuwasahau: anayeweka caution bila sababu ya msingi anaweza kuamriwa kumlipa fidia aliyepata hasara.

Tanzania, kazi inayofanana na hiyo hufanywa na neno jingine, caveat. Maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Yote yametokana na kitenzi cha Kilatini cavere, yaani kujihadhari, na yote mawili yalipitia mikononi mwa wanasheria kabla ya kuwafikia watu wengine. Katika sheria ya Roma ya kale, cautio ilikuwa ahadi rasmi ya kumlinda mtu dhidi ya hasara. Mtu aliyekuwa na nyumba mbovu iliyokaribia kuanguka aliweza kulazimishwa kumwahidi jirani yake kwamba ikiporomoka na kumharibia mali, atalipa. Haikutosha kumwambia jirani achunge kichwa chake; aliyetakiwa kujifunga ni mwenye nyumba.

Kifaransa kimeishikilia maana hiyo mpaka leo. Kwa Waswahili wa Kongo na Burundi, waliosoma kwa Kifaransa, caution ni fedha au mdhamini: ni dhamana anayoweka mshtakiwa ili aachiwe huru akisubiri kesi, na ni malipo ambayo mgombea wa uchaguzi nchini Kongo hutakiwa kuyatoa ili jina lake lipokewe na tume ya uchaguzi, CENI. Mtu wa Lubumbashi na mtu wa Nakuru wanaweza kulitumia neno hilo wakiwa meza moja, mmoja akafikiria pesa, mwingine akafikiria shamba. Hata hivyo, Kiingereza nacho hakikuiacha kabisa maana ya fedha. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wanaijua "caution money", ile amana inayolipwa mwanzoni mwa masomo na kurudishwa mwishoni, ikiwa hakuna kitabu kilichopotea wala kifaa kilichovunjwa.

Mpirani, neno hili ndilo jina rasmi la adhabu ambayo kila shabiki anaijua kwa rangi yake. Kabla ya mwaka 1970, refa alitoa onyo kwa mdomo na kuandika jina kwenye kitabu chake, basi. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia la mwaka 1966, Uingereza ilipocheza na Argentina uwanjani Wembley, refa Rudolf Kreitlein, Mjerumani, alimtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, naye Rattín akagoma kuondoka. Ken Aston, Mwingereza aliyesimamia marefa wa mashindano hayo, aliona dawa yake akiwa barabarani London, mbele ya taa za kuongozea magari: njano ya kuonya, nyekundu ya kusimamisha. Kadi zilianza kutumika kwenye Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970, na katika mashindano hayo hakuna mchezaji hata mmoja aliyetolewa nje.

Kwenye lebo za viuatilifu vya Marekani neno hilo hupungua uzito. Huko kuna maneno matatu ya kuonyesha ukali wa sumu, na "Caution" ndilo la chini. Juu yake lipo "Warning", na juu kabisa "Danger". Ndani ya ndege pia, taa ya caution ni ya rangi ya kaharabu na humtaka rubani atambue tatizo ajiandae, ilhali nyekundu humtaka achukue hatua papo hapo. Kwa hiyo neno linaloweza kusimamisha mauzo ya shamba zima ndilo hilo hilo ambalo kwenye chupa ya dawa lina nguvu kidogo kuliko wenzake.

Polisi ndiko linakohitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Katika mahakama za Tanzania, maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa baada ya kuelezwa haki zake huitwa maelezo ya onyo, na onyo hapo ndiyo caution. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeweka saa nne za kawaida za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi. Polisi wakichelewa bila kupata nyongeza ya muda kisheria, maelezo hayo yanaweza kuondolewa kwenye ushahidi, hata kama ndani yake mtu amekiri kila kitu.

Uingereza kuna caution mbili, na wageni huzichanganya. Ya kwanza husomwa mtu anapokamatwa: si lazima aseme lolote, lakini akinyamazia jambo ambalo baadaye atalitegemea mahakamani, ukimya huo unaweza kumdhuru. Sehemu hiyo ya pili ilitokana na sheria ya mwaka 1994. Caution ya pili hutolewa kituoni badala ya kumpeleka mtu mahakamani kwa kosa dogo, na haitolewi mpaka akiri kosa. Aliyechoka, anayetaka kurudi nyumbani kwake, huona nafuu kutia sahihi. Si hukumu ya mahakama, lakini huingia kwenye kumbukumbu za polisi, na siku anapoomba kazi ya kutunza wazee au watoto, kazi ambayo huhitaji ukaguzi wa kina, mwajiri anaweza kuikuta.