Kutoka mnara wa Yangambi hadi ganda la chaza: hewa ni ileile

Katika msitu wa Yangambi, kilomita kama 100 kutoka Kisangani, unasimama mnara wa mita 55. Vyombo vilivyofungwa juu yake vinapima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka msituni. Ni mnara wa kwanza wa aina hiyo katika bonde la mto Congo. Watafiti wa INERA na wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, wanataka kujua msitu wetu unameza kiasi gani.

Msitu haumezi yote. Karibu robo ya kaboni tunayotoa kwa magari, viwanda na kuchoma misitu inaingia baharini, inachanganyika na maji na kuwa asidi. Tangu enzi ya viwanda ianze, asidi ya maji ya juu ya bahari imepanda kwa karibu asilimia 30.

Mtu wa Tshopo atauliza: bahari iko kilomita kama 2,000 kwa mto, inatuhusu nini? Tumtazame chaza, mnyama wa maganda mawili (mto wetu pia una aina yake, Etheria elliptica). Chaza wa baharini akitoka kwenye yai ana siku mbili hivi za kujenga ganda la kwanza, na bado hajaanza kula. Anatumia akiba aliyoachiwa ndani ya yai. Ganda hilo ni la chokaa. Asidi ikizidi, kinachohitajika kutengeneza chokaa kinapungua majini, kazi inakuwa nzito, na akiba inaisha kabla ganda halijakamilika. Anakufa, au anabaki na ganda lililopinda. Mkubwa mwenye ganda nene anaweza kuvumilia maji hayohayo.

Mwaka 2007 na 2008, huko Oregon, Marekani, kituo cha kuzalisha chaza cha Whiskey Creek kilipoteza watoto wa chaza kwa mamilioni. Wenyewe walidhani ni mikrobi. Walisafisha maji, vifo vikaendelea. Baadaye, pamoja na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Oregon State, waligundua kwamba vifo vilifuata siku ambazo upepo ulipandisha maji ya kina yenye kaboni nyingi. Sasa wanapima maji kila mara na kutia magadi kwenye matangi.

Tangi linatiwa magadi, bahari, hapana. Na hapa Tshopo, kila mti unaochomwa makala unarudisha kaboni hewani, na sehemu yake inaishia kwenye maji ya Muanda kama ya Oregon.