Nilimkuza Mzee Kichwa, Mimi Nikabaki na F Yangu!

Wiki hii nawapa kisa changu mwenyewe, na naomba mtakaocheka mcheke kwa adabu.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka Januari 2023, masomo mengine nilikuwa nimejikongoja. Kwenye Hisabati palisimama herufi moja tu, imenyooka kama nguzo ya umeme: F. Na mimi ndoto yangu ilikuwa uhasibu! Mhasibu mwenye F ya Hisabati, jamani, nani atampa hata daftari la madeni la genge?

Mama yangu anauza mitumba Soko la Kilombero, hapa hapa Arusha. Hakunifokea. Alinyamaza siku mbili, ya tatu akarudi nyumbani Sakina na laptopu iliyotumika, kaifunga kwenye kanga. Akasema, "Jisomee humu, mwanangu. Novemba unarudia mtihani. Pesa ya hiki kitu imetoka kwenye mzigo, kwa hiyo usinichezee."

Nikasema sawa mama. Halafu nikamchezea.

Gemu lenyewe linaitwa The Sims 4. Kwa asiyelijua, hakuna kupiga risasi wala kukimbiza magari. Unaumba binadamu wako, unampa sura, nyumba na tabia, halafu unamwendesha maisha: ale, aoge, aende kazini, atongoze. Aliyebuni gemu la kwanza, Mmarekani Will Wright, alipata wazo baada ya nyumba yake kuungua kwenye moto mkubwa wa Oakland mwaka 1991, akawa anawaza binadamu anahitaji nini hasa ili aanze upya. Likatoka mwaka 2000. Hili la nne lilitoka 2014, na Oktoba 2022 wenyewe wakaliachia bure. Bure! Mtoto wa Sakina ungemzuia na nini?

Binadamu wangu nikamwita Mzee Kichwa. Kipara, miwani, suti ya kijani. Nikaapa kwamba huyu hatapata F ya kitu chochote duniani.

Sasa sikia wanavyokuza bongo kule ndani. Kuna ujuzi wa mantiki, una ngazi 10. Unamnunulia meza ya chesi, ile ambayo Pwani wanaiita sataranji, anakaa anacheza, hata peke yake. Au unamwekea darubini aangalie nyota, au hadubini achungulie vijidudu. Juu ya kichwa chake kunatokea kimstari kinajaa taratibu, kikifika mwisho, ngazi imepanda. Akiwa katika hali ya umakini kinajaa haraka zaidi, kwa hiyo mjanja anaanza kwa kumfikirisha hatua za chesi kwanza, umakini ukimpanda ndipo anamwacha acheze.

Watoto nao wana ujuzi wao wa akili, mbali na wa mwili, wa ubunifu na wa kuishi na watu. Na shuleni kule, mtoto anaanza na C. Anaanza nayo! Mimi C nilikuwa naiona kwenye madaftari ya wenzangu.

Ila kuna sharti moja. Binadamu wa gemu ana mahitaji sita: njaa, haja, usingizi, burudani, watu na usafi. Moja likishuka mpaka jekundu, mantiki hakuna. Ukimnyima usingizi, anaanguka sakafuni analala hapo hapo na suti yake. Ukimbana kwenye chesi wakati ana haja, aibu itamkuta mezani. Basi nikawa mlezi hodari. Mzee Kichwa alikula saa zake, akalala saa zake, akapiga soga na majirani, akarudi kwenye chesi. Ngazi ya tano, ya saba, ya tisa. Alipogonga 10 nilipiga kelele mpaka mama akashtuka, nikazuga nimepata jibu la logarithimu. Mzee nikampeleka kwenye kazi ya mwanaanga.

Na mimi mlezi? Kule ndani dakika moja ni sekunde moja ya kwetu, yaani siku yake nzima ni dakika 24. Nikikaa kuanzia saa mbili usiku mpaka saa tisa, ni dakika 420, Mzee Kichwa ameishi siku 17 na nusu. Hesabu hiyo niliipiga kichwani bila kikokotoo, tena kwa raha. Lakini kesho yake tuisheni nilikuwa nasinzia kama kuku wa kideri. Chai sinywi, kuoga kwa kukumbushwa, marafiki nawakimbia. Laiti ningekuwa na vimstari juu ya kichwa, vyote sita vingekuwa vyekundu!

Mwishoni mwa Machi tukapewa jaribio. Nikapata 11 kwa 100. Karatasi niliikunja mara nne nikaificha kwenye kiatu, na mama aliikuta wakati anafagia. Hakusema neno. Aliiweka juu ya laptopu, akajitwisha mzigo wake wa mitumba akaenda sokoni. Asikwambie mtu, heri fimbo.

Pasaka ilikuwa Aprili, nikatumwa kwa babu, upande wa Meru. Unapanda Hiace mpaka Tengeru, halafu bodaboda inakupandisha kwenye migomba na kahawa, mlima wa mita zaidi ya 4,500 umekuinamia mbele. Laptopu nilibeba, nikasahau chaja. Siku ya pili ikazima. Nilitamani kulia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu mdogo. Mbona umenuna kama umenyang'anywa mume?"

Nikamweleza habari za Mzee Kichwa. Alicheka mpaka akakohoa. Akaingia ndani, akatoka na ubao wa drafti. Miraba 64 imechorwa kwa mkaa, vizibo vya soda 12 vya kwake vimelala kifudifudi, 12 vya kwangu chali. Nikajiambia huyu mzee nitamaliza naye mapema, si nimefikisha mtu ngazi ya 10?

Alinifunga mara tisa mchana huo. Mara tisa! Kingi sikuiona hata ya dawa.

Lakini kufungwa si ndiko kulikoniuma. Kila mchezo ukiisha, nikitaka kupanga vizibo upya, ananishika mkono. "Hapana. Rudisha nyuma. Ulikosea wapi?" Nikasema hapa. "Rudisha zaidi." Tukarudi hatua tatu, nne, tano, mpaka pale niliposogeza kizibo kimoja cha pembeni kwa sababu tu sikuwa na wazo lingine. "Ulifia hapa," akasema. "Kule mwisho tulikuwa tunazika."

Usiku sikulala vizuri. Mzee Kichwa akishindwa chesi, kimstari kinajaa vilevile. Anachotakiwa ni kukaa tu. Na mimi ndivyo nilivyokuwa nikisoma Hisabati miaka minne: nakaa, nanakili ubaoni, nafunga daftari, nasubiri kimstari kijae chenyewe.

Niliporudi mjini niliichukua ile karatasi ya 11, ikiwa na mikunjo yake minne, nikaanza kurudisha nyuma. Swali la milinganyo nililia nalo jioni nzima, kumbe nilifia mstari wa pili, kwenye alama ya kutoa mbele ya mabano. La asilimia hivyo hivyo. Makosa yangu karibu yote yalikuwa ndugu wa baba mmoja, matatu manne, yanabadilisha mashati tu. Sisemi Hisabati iligeuka tamu. Jiometri mpaka leo haisalimiani na mimi.

Gemu nalo sikulitupa, nisije kuwadanganya. Nililiiba masharti. Saa nne usiku nalala, chai nakunywa, Jumamosi natoka na mashoga zangu tunazunguka mjini mpaka Mnara wa Saa. Mama aliona, akajifanya hajaona. Mwezi wa nane akaninunulia daftari kubwa la miraba, akaliacha mezani bila maneno.

Novemba nikafanya mtihani. Januari 2024 matokeo yakatoka: D. Najua, D siyo picha ya kutundika sebuleni. Lakini mama aliniambia nimsomee ile herufi mara mbili, halafu akafunga kibanda mapema siku hiyo, kitu ambacho hafanyi hata akiumwa. Babu alipopigiwa simu aliuliza tu nakuja lini, vizibo vinamsubiri. Mpaka sasa nimemfunga mara moja, na anadai siku hiyo jua lilimpiga machoni.

Jioni ile niliifungua laptopu kumwangalia Mzee Kichwa. Gemu likizimwa, kwao muda unasimama. Miezi yote ile, ngazi yake ya 10 kichwani, maskini alikuwa palepale kwenye meza ya chesi nilipomwacha, kabanwa na haja.